Krimu Isiyokaa Juu

Siku mdogo wake aliposhikwa na uchungu, Daktari alikuwa chumbani na bibi harusi mtarajiwa aliyefungwa nailoni kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa amemfukiza kwa mvuke, akamsugua, akampaka, kisha akamviringisha kama kochi jipya linalopelekwa kwa mwenyewe. Ilibaki kungoja tu. Bibi harusi alilalamika kwamba anaungua, kwamba jasho linamtiririka, kwamba pua inamwasha naye hana mkono wa kuikuna.

"Vumilia," Daktari alimwambia, akimkuna pua kwa niaba yake. "Hapo ndipo inaingia. Krimu za madukani zinakaa juu, ukioga zinaondoka na maji. Yangu haikai juu."

Maneno hayo aliyasema kila siku, na watu waliyajua kwa moyo. Daktari hakuwa daktari. Alikuwa amewahi kuajiriwa kwenye duka la dawa, akajifunza kusoma yale maandishi madogo ya kwenye maboksi, na alipofungua chumba chake cha urembo upande wa mbele wa nyumba, wateja wakampa jina hilo, kwanza kwa utani, baadaye bila utani. Ufundi wake ulikuwa mmoja: kuifanya krimu ipenye. Aliona wanawake wakipaka mwaka mzima wakabaki vilevile, akafikia uamuzi kwamba tatizo si dawa, tatizo ni mlango. Basi akawa mtu wa kutafuta namna ya kuufungua huo mlango. Mvuke ulikuwa namna moja, nailoni namna nyingine. Mengine aliyachanganya mwenyewe ndani ya ndoo nyeupe yenye kifuniko: krimu ya kung'arisha, tyubu za dawa ya ukurutu alizozikamua mpaka zikajikunja, na maji fulani makali aliyoletewa na mchuuzi wa vipodozi, ambayo chupa yake haikuwa na hata karatasi ya jina.

Mtu akiuliza kama inafanya kazi, Daktari hakupoteza maneno. Alimwita tu mdogo wake.

Mdogo wake walimwita Taa. Alisuka nywele katika chumba hichohicho, na kazi yake ya pili ilikuwa kuonekana. Wateja walimtazama, wakatazama mikono yao wenyewe, kisha wakasema, "Mimi nataka kama huyu."

Simu ilipolia, alikuwa shemeji yake, mume wa Taa, mpiga picha za sherehe. Sauti yake ilikuwa juu.

"Dada, tuko hospitali. Wanasema mtoto amekaa vibaya, lazima wampasue. Njoo, tafadhali, mimi hapa sijui hata nisimame wapi."

"Nakuja sasa hivi."

"Na mimi?" aliuliza bibi harusi kutoka kwenye godoro, kichwa tu kikigeuka.

Daktari alichukua mkasi mkubwa wa mumewe, ule wa kukatia vitambaa vya makochi, akaanza kumchana nailoni.

"Lakini haijaingia!"

"Imeingia ya kutosha. Vaa nguo."

*

Mtoto alitoka salama, wa kike, akilia kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Taa naye alitoka chumba cha upasuaji anatabasamu huku usingizi wa dawa umemlemea. Siku hiyo kila mtu alimshukuru Mungu kwa namna yake. Mpiga picha alipiga picha mtoto, akapiga kitanda, akapiga hata dripu.

Siku ya pili mama yao alifika na chupa ya chai na furushi la nguo za mtoto. Nesi alimzuia mlangoni mwa wodi.

"Mama, saa hizi ni za ndugu tu. Mfanyakazi aache vitu hapa, nitamfikishia."

Mama alimtazama nesi, kisha akamtazama Taa kitandani, mweupe juu ya shuka jeupe, ndipo akaelewa.

"Ni kweli mimi ni mfanyakazi wake," alisema. "Nilianza kazi kabla hajazaliwa, na mshahara mpaka leo sijauona."

Nesi aliona haya akampisha. Wodi nzima ikacheka, na Taa akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Daktari hakucheka. Alimwona mama yake akivuta mikono ya blauzi mpaka ikafunika viganja, ndipo akampakata mjukuu.

Kidonda cha Taa hakikufunga. Wenzake waliopasuliwa siku moja naye walikuwa wanajikongoja ukutani, wanatukanana kwa utani na manesi, wanafungasha. Yeye bandeji ilikuwa ikilowa, inabadilishwa, inalowa tena. Mpasuaji, mtu mrefu aliyesema polepole kama anayechagua njia kwenye matope, alikuja akaifungua mwenyewe. Akamshika Taa mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mishipa ilionekana kama michoro. Kisha akatazama vidole, pale kwenye viungo ambapo weupe ulikatika na weusi ukabaki umejikusanya.

"Nilipomshona," alisema, "uzi ulikuwa unachana ngozi. Ilikuwa kama nashona karatasi iliyolowa. Msichana wa umri huu hawi na ngozi hii. Anapaka nini?"

Taa alimtazama dada yake, mara moja tu.

"Losheni ya kawaida," Daktari alijibu. "Ile ya watoto."

"Ndiyo," alisema Taa kutoka kwenye mto. "Ya watoto."

"Na hivi viungo vya vidole?"

"Ndivyo tulivyo kwetu. Ni ya ukoo."

Mpasuaji alimgeukia mama yao, aliyekuwa amekaa kwenye kiti na mjukuu kifuani, mweusi tii kutoka paji la uso mpaka kucha. "Mama?"

Mama alitengeneza shuka la mtoto ambalo halikuwa limeharibika. "Mimi mambo ya wasichana siyajui, baba."

Daktari alimsindikiza mpasuaji mpaka kwenye korido, akijifanya anataka kuuliza habari za chakula cha mgonjwa. Hapo ndipo sauti ya furaha iliporuka kutoka upande wa pili: "Daktari! Daktari wangu!"

Mpasuaji aligeuka. Mwanamke aliyekuja kumwona jirani yake alikuwa anapunga mkono, na akacheka alipoona kosa.

"Samahani, si wewe mzee. Namwita huyu dada. Usimwone hivi, huyu ndiye daktari wetu wa ngozi. Akikushika, kwenu wanakusahau."

"Unafanya kazi gani, dada?" mpasuaji alimuuliza.

"Nasuka nywele," Daktari alisema.

Mpasuaji alimtazama kama mtu atakayeuliza tena. Lakini nesi alimwita kutoka wodi ya jirani, akaenda kwa hatua ndefu, koti likimpepea nyuma. Daktari alisimama pale akihisi kwamba amepona. Baadaye, alipokumbuka hisia hiyo ya kupona, ndiyo iliyomtia aibu kuliko yote.

*

Aliporudi nyumbani alifungua chumba chake. Alijiambia ni kwa muda mfupi tu, kwamba bibi harusi hana kosa na siku yake haingoji mtu. Benchi la nje lilijaa. Wote walimpa pole na pongezi, wote wakauliza mtoto amechukua rangi ya nani.

Mumewe, fundi wa makochi, alikuwa uani akigongelea kitambaa kwenye fremu, misumari midogo mdomoni. Walimwita Fundi. Alikuwa mtu wa mizaha, naye pia alimwita mkewe Daktari kama wateja, tena kwa mbwembwe, akimpigia saluti kwa nyundo. Simu ya shemeji yao ilikuja kwake kwa sababu ya mkewe ilikuwa imezimwa. Alisikiliza, akatema misumari kiganjani, akaingia ndani bila kuvua aproni.

"Watoe watu," alisema mlangoni.

"Nina mtu kwenye mvuke."

"Mke wangu, watoe watu."

Hakuwa amemwita hivyo kwa muda mrefu. Daktari alimpa mteja taulo akamwomba akae nje kidogo. Fundi alifunga mlango.

"Taa hajijui. Anatapika, anaita watu ambao hawapo. Presha inashuka, wanamwekea maji na maji hayasaidii. Wanasema si kidonda peke yake, kuna kitu kingine hawakioni. Wanauliza tena alikuwa anatumia nini. Shemeji amejibu hajui, na kweli yule hajui. Wewe unajua."

Daktari alikaa kwenye ukingo wa godoro. Nailoni ilipiga kelele chini yake.

"Nikisema watanifunga."

"Huenda."

"Unasema kirahisi hivyo?"

"Sisemi kirahisi. Natetemeka hapa nilipo." Akaielekeza ile ndoo kwa kidevu. "Mna nini humo?"

"Vitu."

"Vitu gani?"

"Krimu. Ile dawa ya ukurutu. Na yale maji."

"Maji gani?"

"Anayoleta yule mchuuzi. Jina lake silijui."

Fundi alimtazama kama anayemtafuta mtu mwingine ndani ya uso ule. Yeye mwenyewe alikuwa amekula humo ndani ya ndoo. Bati la nyumba, mashine yake mpya ya kushonea, heshima aliyopewa mtaani kama mume wa Daktari, vyote vilitoka humo, na hakuwahi kuuliza. Alikuwa ameona Taa akififia mwaka hadi mwaka, na alichofanya ni kutania kwamba siku moja watamtazama waone ukuta ulio nyuma yake.

"Umempaka mdogo wako kitu usichokijua?"

"Kilikuwa kinaingia," alisema Daktari. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila kitu kingine kilikuwa kinakaa juu. Hiki kilikuwa kinaingia."

Fundi aliinama, akaibana ile ndoo ubavuni, akafungua mlango. Wanawake waliokuwa kwenye benchi walinyanyua macho.

"Fundi!" mmoja alicheka. "Leo unatutembezea dawa mpaka mitaani?"

"Nampelekea mgonjwa," alisema bila kusimama.

Walimwona akipita mbele ya duka la simu, mbele ya kinyozi, na aproni yake yenye vumbi la sponji, ndoo imebanwa kama mtoto anayebebwa kwa hasira. Wakamwona na mkewe akitoka mbio nyuma yake, miguuni ana ndala zisizofanana. Hakuna aliyecheka tena. Yule aliyekuwa kwenye mvuke alibaki na taulo lake mlangoni, akitazama barabara, hajui aende wapi.

*

Mpasuaji aliiweka ndoo juu ya meza ya manesi, akafungua kifuniko, akanusa, akarudisha uso nyuma.

"Nani amechanganya hii?"

Fundi alitazama dirishani. Angeweza kusema yeye, na njiani alikuwa ameliwaza hilo. Lakini hakujua kilichomo, na mgonjwa hakuhitaji mume mwema wa dada yake, alihitaji majibu.

"Mimi," alisema Daktari.

Maswali yalikuja moja baada ya jingine, hapohapo, nesi akisikia, wagonjwa wakisikia, mama yake akiwa amesimama na mtoto mikononi kando ya kitanda. Tyubu gani? Akazitaja. Na nini kingine? Maji yasiyo na jina. Nyingi kiasi gani? Nyingi. Kwa muda gani? Miaka. Usoni tu, au mwili mzima?

"Mwili mzima."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na namfunga nailoni."

"Kwa nini nailoni?"

"Ili iingie."

"Imeingia," alisema mpasuaji. Hakuwa na ukali, na pengine ukali ungekuwa nafuu. "Imeingia mpaka kwenye damu. Dada, dawa hii ya ukurutu hupakwa kidogo, mahali padogo, kwa siku chache. Mwili una namna yake ya kutengeneza kitu kama hiki, ndicho kinachotushikilia tukiumwa au tukipasuliwa. Ukiuletea mwili kitu hicho kutoka nje kila siku, unaacha kutengeneza cha kwake. Huyu alikuwa anakipata kwako. Alipolazwa hapa kikakatika ghafla, na mwili hauna chake."

Akamgeukia nesi, akataja sindano, na nesi akaondoka mbio. Kisha, akiwa anafunika ndoo, aliongeza: "Hayo maji yasiyo na jina sina la kukuambia. Wewe hujui, na mimi sijui."

Daktari alisubiri amwite polisi. Hakumwita. Alikuwa ameshampa kisogo, ameinama juu ya mkono wa Taa, anatafuta mshipa.

Wagonjwa wawili waliokuwa wanasikiliza kwa makini waliingiza mikono yao chini ya shuka, taratibu, kila mmoja kwa wakati wake, kama wanaoona baridi. Mmoja wao alimfuata Daktari baadaye mpaka kwenye bomba la maji nje.

"Dada, na mimi natumia. Si yako, ya mwingine. Niache leo au nisiache?"

"Usiniulize mimi," Daktari alisema. "Nenda kamwambie yule. Kamwambie kila kitu."

"Nitaona haya."

"Ona haya, lakini mwambie."

Jioni, jua bado likiwa kwenye madirisha, Taa aliomba maji ya kunywa. Alimtambua mumewe, akamtambua mama yake, akauliza mtoto amenyonya wapi. Mpiga picha alikaa sakafuni akalia bila kujificha. Mpasuaji alipopita mara ya mwisho alimkuta Daktari ameegemea ukuta wa korido. Alipunguza mwendo.

"Ungeniambia siku ile nilipokuuliza," alisema.

Akapita. Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi, ndoo tupu katikati ya miguu yake. Nesi alikuwa ameimwaga. Walirudi nyumbani kwa miguu, mmoja mbele, mwingine nyuma, na mlangoni Fundi alisema, "Ingia ule," kwa upole, lakini hakumwita Daktari, na hakumwita hivyo tena.

*

Taa alikaa hospitali mpaka mtoto akaanza kugeuza kichwa akisikia sauti ya bibi yake. Kidonda kilishonwa upya, kikafumuka upande mmoja, kikaachwa kijijaze chenyewe kutoka chini kama shimo la barabarani. Aliporuhusiwa alikwenda kwa mama yake, si kwa mumewe, kwa kuwa alihitaji mtu wa kumnyanyua. Dawa alipewa za kumeza, akaelekezwa zipunguzwe pole kwa pole. Kupaka aliambiwa asipake kitu.

Ngozi ililipiza. Kwanza iliwaka, ikavimba, uso ukawa mwekundu kama wa mtu aliyetoka jikoni. Kisha weusi ukaanza kurudi, lakini haukurudi kwa mpangilio, ulirudi kwa mabaka, shavu moja kabla ya jingine, kando ya macho kukawa na kijivu kama majivu. Mama aliondoa kioo cha chumbani akasema kimevunjika. Majirani waliomjua kwa jina la Taa walimwita hivyo bado, wakaona aibu katikati ya neno. Mpiga picha alikuja kila jioni, hakukosa. Lakini zamani alikuwa akimpiga mkewe picha hata akifua. Sasa alimpiga mtoto tu, akisogea huku na huku mpaka mikono iliyompakata mtoto itoke nje ya picha. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Mkewe alijua.

Daktari alifunga chumba chake. Alidhani wateja watamzomea, na wapo waliomsema. Wengi zaidi walimbembeleza. Bibi harusi alikuja akiwa ameshaolewa, akitaka amaliziwe miguu. Daktari alimweleza yote, kidonda, presha, ngozi inayochanika kwa uzi, akamsihi aende kwa daktari wa kweli asije akaacha ghafla. Msichana alisikiliza kwa heshima, akashukuru, akaondoka. Baada ya wiki chache mchuuzi wa vipodozi alipita akamwambia habari: huyohuyo bibi harusi anakwenda kwa mwanamke mmoja ng'ambo ya soko, ambaye hapo nyuma alikuwa mteja wa Daktari.

"Amejifunza kwako," mchuuzi alisema kwa sauti ya kumsifu. "Mvuke, nailoni, yote. Tena yeye anafunga tabaka mbili."

"Yale maji yako ni nini?" Daktari alimuuliza.

Mchuuzi alicheka. "Mama, mimi nauza tu."

Daktari alikwenda mpaka ng'ambo ya soko. Alimkuta yule mwanamke na benchi lake limejaa, akamwomba waongee pembeni. Mwanamke alimsikiliza akiwa amekunja mikono. "Wewe umeshapata vyako," alisema mwishowe, si kwa chuki. "Na sisi tuache tupate." Wanawake wa kwenye benchi walimtambua. Mmoja alimpisha nafasi akae, akidhani amekuja kupakwa.

*

Kwa mama yake alikwenda kila alipoweza. Alifua nguo za mtoto, alimnyanyua Taa, alimsafishia kidonda kama alivyoonyeshwa na nesi, kwa maji yaliyochemshwa na mikono iliyooshwa mpaka ikakauka. Taa alimwitikia vizuri. Alimwita dada, alimshukuru, alimwuliza habari za shemeji. Hakumlaumu hata mara moja, na Daktari alishindwa kujua kama huo ni msamaha au ni udhaifu wa mgonjwa.

Siku moja alasiri walikuwa wawili chumbani na mtoto kati yao kitandani. Mama alikuwa uani anaanika. Taa alikuwa amekaa kwa mara ya kwanza bila kuegemea mto, anamtazama binti yake aliyelala mikono juu.

"Dada, mtazame masikio."

"Yamefanya nini?"

"Meusi. Alipozaliwa manesi wote walisema kachukua kwangu. Sasa anazidi kukolea kila siku."

"Watoto wote hukolea. Hata wewe..." Akajizuia.

"Najua." Taa alipitisha kidole kwenye ukingo wa sikio la mtoto, taratibu, kama anayejaribu kama rangi imekauka. "Dada, ile krimu ya kuanzia, ile nyepesi, ilibaki?"

Daktari alidhani anaulizia uso wake mwenyewe. "Mdogo wangu, wamesema usipake kitu. Mwili wako bado..."

"Si mimi."

Nje, mama yao alikung'uta nguo kwa nguvu, mara mbili, akatundika.

"Kidogo tu," alisema Taa. "Usoni tu. Bila nailoni. Mimi nimeshaharibika, sina neno. Lakini huyu ni mtoto wa kike, dada. Unajua watu walivyo. Yule nesi alimwonaje mama? Wewe si ulikuwepo?"

"Hapana."

"Ulikuwepo."

"Nasema hapana. Hatapakwa kitu. Siyo kidogo, siyo nyepesi, hapana. Huyu mtoto ni mzuri. Mtazame alivyo mzuri."

Alisema kwa sauti ya juu kuliko alivyokusudia, na mtoto akashtuka usingizini, akatulia. Taa alikuwa anamtazama dada yake. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Kulikuwa na ule mshangao wa mtu anayesikia lugha ambayo mwenzake hakuwahi kumwambia kwamba anaijua.

"Mimi nilikuwa mwanafunzi," alisema. "Nilirudi nyumbani nalia kwa sababu walimchagua msichana mwingine ampe mgeni maua. Wewe ulikuwa umekaa pale dirishani unafungua vikopo vyako. Nilikuuliza kama mimi ni mbaya. Unakumbuka?"

Daktari alikumbuka. Alikumbuka sare ya shule, soksi zilizoshuka, kamasi na machozi. Alikumbuka pia kwamba alikuwa ameudhika kwa ajili ya mdogo wake, ameudhika kweli, akatafuta haraka kitu cha kumpa.

"Hukusema hapana," alisema Taa. "Hukusema mimi ni mzuri. Ulisema, njoo hapa."

Daktari alikuwa na mambo mengi ya kusema na yote yalikuwa yamechelewa: kwamba alimpenda, kwamba hakujua, kwamba siku ile mbele yake alimwona mtoto mzuri kuliko wote na hakufikiri kwamba hilo ni jambo la kusemwa.

"Jamani, maji ya mtoto yamepoa!" Mama aliita kutoka uani. "Nileteeni nimwogeshe!"

Hakuna aliyeinuka mara moja. Kisha Daktari alifuta viganja vyake kwenye gauni, upande huu na upande ule, akanyoosha mikono ampokee mtoto. Taa alimnyanyua binti yake, akamweka mikononi mwa dada yake. Lakini alibaki ameshika pindo la shuka la mtoto, na Daktari alisimama ameinama juu ya kitanda, hakumvuta, akingoja mdogo wake aachie.